Pikapu ya "Binafsi" Ina Wenyewe Wengi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humfaa mtu ambaye jembe lake ni la bei ndogo. Haimfai mwalimu wa Awendo au Mbita aliyechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ambaye kwa miaka kadhaa ijayo atakatwa mshahara kila mwezi kwa sababu ya pikapu. Huyo hana budi kuchagua, tena kwa makini, maana akikosea atalima kwa jembe hilo bovu hadi deni liishe.

Siku hizi mjadala kuhusu magari haya umetia fora katika vyumba vya walimu vya Migori na Homa Bay. Huyu anaitetea Toyota Hilux, yule Isuzu D-Max. Wa tatu anaapa kwa Ford Ranger, Nissan Navara au Mitsubishi L200. Aghalabu mabishano huhusu nguvu za injini, umbo la taa na raha ya viti. Mimi ni mtu wa isimu, si fundi wa magari, na kinachoninasa ni neno moja linalorudiwarudiwa: kwamba pikapu inayotafutwa ni ya "matumizi binafsi". Rai yangu ni kwamba neno hilo limewapotosha wanunuzi wengi kuliko tofauti zote za injini.

Neno binafsi asili yake ni Kiarabu, na kiini chake ni nafsi, yaani mtu mwenyewe. Katika matangazo ya biashara maana hiyo huchorwa waziwazi: mtu mmoja, gari moja linalong'aa, na mlima usio na mkazi. Lakini tazama linalotokea gari hilo likifika kijijini Karachuonyo au Uriri. Hati ya umiliki ina jina la mwalimu, ila gari linatambuliwa na ukoo mzima. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango unaobishwa ni wa mwalimu. Shangazi ana viazi vitamu vya Kabondo vya kufikisha sokoni. Binamu amenunua omena Sori. Shule inangoja mabati. Na msiba ukitokea, mwili lazima utolewe mochari na kurudishwa nyumbani kwa maziko. Kukataa si rahisi, na kusema kweli si uungwana.

Tukilikubali hilo, basi kifaa cha kwanza cha mnunuzi ni utepe wa kupimia. Pikapu ya kabini mbili, ile ya milango minne inayopendwa sana, ina sehemu ya mizigo yenye urefu wa takriban mita moja na nusu. Ya kabini moja hufikia takriban mita mbili na robo. Jeneza la mtu mzima hukaribia mita mbili. Maana yake ni kwamba gari lililonunuliwa kwa bei ya juu zaidi ndilo litakalompeleka mzee wetu nyumbani mlango wa nyuma ukiwa wazi na jeneza likiwa limefungwa kwa kamba. Mabati na mbao navyo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Baada ya urefu, uzani. Pikapu nyingi za daraja hili zimeundwa kubeba takriban tani moja, na katika hesabu hiyo watu nao ni mzigo. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350; zinazosalia ni kilo 650, yaani magunia saba ya mahindi ya kilo 90. Gari la kabini moja lenye watu wawili husaliwa na kilo 860, yaani magunia tisa. Walimu wa hisabati waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili, kisha wawapeleke sokoni Rongo wahesabu magunia yanayopakiwa kwa hakika.

Halafu kuna njia. Barabara kuu kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii ni ya lami, na huko gari lolote hupita. Lakini ukiiacha lami na kuingia Nyatike au Bonde la Lambwe wakati wa masika, utaukuta udongo mweusi ambao hunata, huvimba na kumeza gurudumu. Huko gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne si anasa. Hata hivyo, nguvu hiyo haifidii matairi yaliyokwisha, wala haifai kutumiwa ovyo kwenye lami kavu, kwani pikapu nyingi za aina hii huumia mitambo zikiendeshwa hivyo.

Kuhusu jina la gari, swali la maana ni hili: likiharibika, nani atalitengeneza, na kwa kipuri kilichotoka wapi? D-Max huunganishwa Nairobi katika kiwanda cha Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi 2017. Hilux ina sifa ya kutopoteza thamani upesi, jambo linalomfaa mwenye kufikiria kuliuza baadaye. Kwa magari haya mawili mafundi wenye ujuzi si haba. Anayetaka aina nyingine asiridhike na ahadi ya muuzaji. Aende mwenyewe Kisii na Kisumu akaulizie bei ya vipuri. Makampuni nayo huja na kuondoka: Januari 2025 CMC Motors, iliyokuwa jina kubwa katika biashara ya magari na matrekta, ilitangaza kufunga shughuli zake Afrika Mashariki.

Wapo watakaokimbilia magari yaliyotumika kutoka ng'ambo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8, na Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017. Ndiyo maana pikapu za kutoka huko hazikuwa tele kama magari madogo, na zilizopo hazipatikani kwa bei ya kutupa.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu naye ana watoto, na watoto hawakai juu ya magunia. Hoja hiyo ina uzito. Sehemu ya mizigo haina viti wala mikanda, na kila mmoja wetu amewahi kuona waombolezaji waliosongamana humo wakipelekwa mazikoni. Ukarimu wa namna hiyo umezaa misiba juu ya misiba. Isitoshe, bima ya matumizi binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa kulipa nauli. Lakini kama kazi kubwa ya gari ni kupeleka watoto shuleni na kanisani, basi gari dogo litaifanya kwa gharama nafuu zaidi, na jirani mwenye mzigo ataelewa. Mwenye shamba na ukoo unaomtegemea, ushauri wangu kwake ni pikapu ya kabini moja inayovuta kwa magurudumu manne, pamoja na ujasiri wa kusema kwamba nyuma hapandi mtu.

Tena asisahau hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yasizidi thuluthi mbili za ujira. Thuluthi inayobaki si ya kununulia mafuta, matairi na bima peke yake. Ina chakula na karo ndani yake. Aliyefika ukingoni mwa makato kabla gari halijawashwa atalazimika kuligeuza kuwa la kukodisha, na hapo neno binafsi litakuwa limekufa kabisa.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wafundishwe kusoma tangazo la gari kama wasomavyo matini yoyote: nani anasema, nani ameachwa nje ya picha, na kwa nini. Naye mwalimu, kabla ya kutia sahihi mkopo, aketi na jamaa zake aandike safari zote watakazomtuma kwa mwaka mmoja. Orodha hiyo itamchagulia gari vizuri kuliko muuzaji yeyote.