Ng'ombe Mnono Asikudanganye

Ndugu mkulima, katika skimu zetu mtu husifiwa kwa ng'ombe anayeng'aa na kujaa nyama. Wapita njia husimama kumtazama, na mwenyewe hufurahi. Sisi twasema furaha hiyo mara nyingi huleta hasara. Ng'ombe wa maziwa si ng'ombe wa kuchinjwa, na unono mwingi wakati wa kuzaa waweza kumwua.

Sababu ni hizi. Mtamba aliyenona mno huwa na mafuta ndani ya njia ya uzazi, na ndama hupita kwa shida. Akisha kuzaa, ng'ombe mnono hukataa chakula. Mwili huyeyusha mafuta yake, nayo hukusanyika katika ini. Maziwa hupungua, na huenda akaanguka asiinuke tena. Wengine husema amerogwa, kumbe ubaya ulianza miezi mingi nyuma, katika ndoo ya chakula.

Utamjuaje? Usitumie macho peke yake. Weka mkono juu ya mbavu, ukandamize kidogo, yafaa uzisikie. Kisha shika pande mbili za shina la mkia. Pakijaa mafuta laini, amezidi. Mabwana Mifugo hupima unono kwa alama 1 mpaka 5. Anapozaa yafaa awe na alama 3 au 3 na nusu.

Dawa yake si njaa. Kumnyima chakula ng'ombe mwenye mimba kubwa ni kuita maradhi yale yale. Mrekebishe mapema, angali akikamwa. Maziwa yakipungua, nawe punguza chakula cha gunia, umpe majani na maji ya kutosha. Siku 60 kabla ya kuzaa acha kumkama, umtunze abaki vile alivyo, asinone wala asikonde.

Wako watakaosema, "Wazee wetu walituambia unono ni akiba ya kiangazi." Ni kweli kwa ng'ombe wa nyikani anayetembea mbali kutafuta malisho. Lakini wako hukaa bandani akiletewa chakula. Akiba yake ni maziwa ya kila asubuhi, na ndama mzima kila mwaka. Hayo ndiyo yanayolipa karo ya watoto.

Basi jioni ya leo, kabla hujamimina chakula, weka mkono mbavuni kwanza.