Injini Iwashwayo kwa Mbali

Katika Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, wenye magari wengi huwasha injini wangali ndani ya nyumba. Hubonyeza kitufe cha ufunguo, na baada ya dakika chache hulikuta gari lina joto na barafu imelegea kiooni. Wako waliouita utaratibu huo anasa. Kwa muuguzi atokaye alfajiri kwenda zamu, si anasa.

Ifahamike kwamba mtambo huo haukuachwa uende ovyo. Mawimbi ya redio yatokayo kwenye ufunguo hubeba namba ya siri inayobadilika kila kitufe kibonyezwapo, ili mwizi aliyeinasa ya jana asiitumie leo. Kabla ya kuwasha, mtambo hukagua: Je, gia imewekwa mahali pa kuegesha? Boneti imefungwa? Milango je? Jibu moja likiwa baya, injini haiwaki. Hata ikiwaka, avunjaye kioo na kuingia hafiki mbali, kwani akikanyaga breki bila ufunguo kuwamo, injini huzimika. Katika magari mengi huzimika pia yenyewe baada ya dakika 10 hivi. Gari la gia za mkono ni shauri jingine: likiachwa kwenye gia huruka mbele mara liwashwapo, na fundi alifungiaye mtambo huo bila kinga ya ziada anastahili lawama.

Lakini pamoja na ukaguzi wote huo, mtambo haujui gari limeegeshwa wapi. Likiwa ndani ya banda lililoungana na nyumba, moshi wake huleta kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inyimayo damu oksijeni. Hupenya hadi vyumba vya kulala. Kufungua lango la banda hakutoshi. Gari sharti liwe nje.

Nchini Marekani watu walikufa hivyo kwa sababu ya magari yawashwayo kwa kitufe, ambayo wenyewe waliyaacha yakinguruma bila kujua. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 iliiagiza Wizara ya Uchukuzi itunge kanuni ya kuyafanya yazimike yenyewe. Agizo hilo lilistahili. Hata hivyo, ndani ya banda lililofungwa dakika chache tu zaweza kuleta maafa, na king'ora kitambuacho hewa hiyo hakina budi kufungwa karibu na vitanda, si bandani.