Usikaze Bushi Gari Likiwa Juu ya Jeki

Wapenzi wa Peugeot 504 hawajaisha Likoni wala Changamwe, na si ajabu: ndilo gari lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Nazungumzia ile ndogo. Steshenwagoni nyuma yake imeundwa vingine. Likianza kuyumba kwenye kona na kula matairi upande mmoja, wengi hukimbilia shokamzoba. Tazama bushi kwanza.

Bolti zilizoliwa na chumvi ya bahari zimwagie mafuta tangu jana yake. Gari lisimamishe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake ni mauti, na watoto wasikaribie. Springi nayo ifunge kwa kibano chake, maana ikiponyoka huvunja mtu.

Sasa jambo linalopuuzwa. Mpira wa bushi hauzunguki, hujinyonga. Ukikaza bolti mkono wa nyuma ukining'inia, gari likishuka mpira huwa umekwisha kujinyonga kabla ya safari, nao hupasuka mapema. Zishike kidogo tu, ushushe gari lisimame kwa magurudumu yake, uyazuie kwa mawe, ndipo uingie chini na spana. Wenye vitambi watanung'unika.