Gunia Limeingia Kwenye Kompyuta
DAFTARI LA WIKI, na Bin Sokoni

Mwenye hoteli akitaka kujua nani anamuuzia viazi kwa bei ya kutupa, mhasibu wake anabonyeza kitufe tu. Ripoti inatoka imepakwa rangi: msambazaji wa kwanza gunia shilingi 70,000, wa pili 85,000. Wa pili anaachwa siku hiyohiyo.

Hakuna aliyeuliza gunia lilikuwa na kilo ngapi.

Wanaopokea mzigo alfajiri wanaijua lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba juu, kikashonwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo Tanzania umeipiga vita miaka nenda rudi, ukisisitiza gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kwa gunia la viazi. Sasa tuseme, kwa Tanzania, lile la 70,000 lina kilo 80, na la 85,000 lina kilo 110. La kwanza ni shilingi 875 kwa kilo, la pili kama 773. Aliyefukuzwa ndiye aliyekuwa nafuu, ingawa lumbesa yake ni haramu na ilistahili kukataliwa kwa sababu hiyo, si kwa bei.

Programu isilaumiwe. QuickBooks, Tally, Odoo, hata Excel ya kawaida, zote hujumlisha kilichoandikwa. Karani akiandika "gunia" leo, "kiroba" kesho na "debe" keshokutwa, kompyuta itayapanga kwa adabu kama vitu vitatu tofauti. Vivyo hivyo kwa majina: Mangi, Mangi Store na Duka la Mangi wanatokea kama wauzaji watatu wadogo, kumbe ni mmoja anayechukua fedha nyingi kila mwezi na ambaye angeweza kuombwa punguzo.

Kosa linalouma zaidi liko kwenye kodi. Tanzania Bara ilianza kutumia EFD, mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, mwaka 2010, na VAT kati ya wafanyabiashara ni asilimia 18. Muuzaji mmoja anatoa katoni za sabuni kwa 118,000 na risiti ya EFD. Mwingine anadai 110,000, risiti hana. Ripoti inamshangilia wa pili. Lakini hoteli iliyosajiliwa kwa VAT hurudishiwa 18,000 katika hesabu zake za kodi, hivyo sabuni ya kwanza imegharimu 100,000. (Asiyesajiliwa anaweza kuvutiwa na ile ya 110,000, ila ajiandae kujieleza siku ya ukaguzi.) Kenya wamekaza zaidi: tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kwa kawaida hayakubaliki kupunguza kodi ya mapato.

Hapo hatujahesabu nauli ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, wala mali kauli, ambapo anayesubiri malipo siku 30 ana haki ya kupandisha bei kidogo.

Wenye hoteli, kabla ya kulipia leseni ya programu mwaka mwingine, nunueni mizani muiweke mlangoni mwa stoo. Karani asiingize ankara ya viazi isiyo na kilo, wala ya sabuni bila kuonyesha kama ina risiti ya EFD.