Serikalini unalipwa miaka au unalipwa kazi?

Tuseme wewe na mwenzako mmeajiriwa serikalini siku moja, ofisi moja, gredi moja. Wewe unafika kazini saa moja unusu asubuhi na foleni ya wananchi inaisha mbele yako. Yeye anatundika koti kwenye kiti, anatoka, na koti ndilo linalofanya kazi hadi jioni. Mwaka ukiisha, nani anaongezwa pesa? Kwa kawaida, nyote wawili, na kiasi kile kile.

Hapo ndipo vijana wengi huuliza mbona serikali isilipe tu kulingana na kazi mtu anayofanya. Ni swali zuri, lakini kabla hujalishangilia, angalia mitambo yenyewe inavyozunguka.

Kila gredi ya mtumishi wa umma ina mshahara wa chini na wa juu, na katikati kuna vidato. Kila mwaka unapanda kidato kimoja. Ukifika cha juu kabisa, unasimama hapo hadi upandishwe cheo. Chukua walimu. Mwenye digrii anayefunza sekondari huanzia gredi C2, na baada ya miaka mitatu anaweza kuingia C3 bila kushindana na mtu, mradi tathmini yake iwe sawa. Kutoka hapo kwenda juu mambo yanabadilika: lazima nafasi itangazwe, uombe, uhojiwe. Ndiyo maana utapata mwalimu hodari mwenye mvi ambaye amekwama gredi moja miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo hata hiyo miaka tunayosema inalipwa, inalipwa hadi mahali fulani tu.

Na si kwamba Kenya haijawahi kufikiria utendakazi. Kifungu cha 230 cha Katiba ya 2010, kilichounda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kinaiagiza tume hiyo izingatie tija na utendakazi inapopanga malipo. Mikataba ya utendakazi ilianza 2004, enzi za Rais Kibaki, kwa mashirika ya serikali. Walimu nao wana TPAD, ile tathmini ya kila muhula: unajipa alama, unakaa na msimamizi wako, mnakubaliana, mkuu wa shule anathibitisha. Fomu zipo tele. Kinachokosekana ni uhusiano wa karibu kati ya fomu na pesa. Mwalimu aliyejituma na yule aliyejaza tu vizuri wote husubiri kidato kile kile.

Basi tuunganishe fomu na pesa, si ndiyo? Polepole. Jiulize nani anashika kalamu. Kama ni mdosi wako anayekupa alama, na alama ndizo kodi yako ya nyumba, utathubutu kumwambia kwamba vocha ile ya safari hewa huwezi kuisaini? Miaka ina ubaya wake, lakini haina kabila, haihongwi, na haikutumii ujumbe saa nne usiku. Karani aliye na kidato chake cha mwaka anaweza kusema hapana na bado akalipwa. Kinga hiyo watu huidharau hadi siku wanapoihitaji.

Halafu kuna suala la kupima nini. Mwalimu wa darasa la watoto 80 kule Mandera na mwenzake wa darasa la 35 Nairobi, utawalinganisha kwa matokeo ya mtihani? Ukifanya hivyo, utakuwa umewalipa wazazi wenye pesa za tuisheni.

Mimi naona mjadala huu wa miaka dhidi ya utendakazi unaficha jambo linalokugusa wewe zaidi. Kuna vijana wanaofanya kazi ya serikali bila kulipwa kwa miaka wala kwa utendakazi. Walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi walilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku mwenzao wa kudumu wa C2 akianza na mshahara wa msingi wa zaidi ya Sh30,000, mbali na marupurupu ya nyumba. Darasa ni moja, ratiba ni moja. Mwanagenzi hana kidato cha kupanda. Afunze vizuri au ovyo, pesa ni zile zile. Walienda kortini na pia wakagoma 2024, na ni Januari 2025 ambapo walimu 46,000 walipewa ajira ya kudumu. Kundi jipya la wanagenzi 20,000 likaanza safari ile ile.

Serikali husema bajeti haitoshi, na si uongo mtupu: kanuni za fedha za umma zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato, na tumekuwa juu ya hapo. Lakini SRC yenyewe ilihesabu aina zaidi ya 200 za marupurupu katika utumishi wa umma. Mtu akianza kubana matumizi kwa kijana wa Sh20,000 badala ya orodha hiyo, huo ni uamuzi, na mtu fulani aliufanya.

Kwa hivyo siku ukiitwa usaini barua ya kazi ya serikali, usiangalie tarakimu ya mwezi wa kwanza pekee. Uliza ni gredi gani, au kama hakuna gredi kabisa. Uliza miezi ya uanagenzi itahesabiwa ukiajiriwa rasmi. Uliza nani atakupa alama, utaziona lini, na ukizipinga utaenda kwa nani. Jibu litakalotolewa, omba liwe kwenye karatasi.