Umm Kulthum Hakurudia Neno Bure

Lawama inayonikera zaidi ni hii: kwamba nyimbo za Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, ni ndefu kwa sababu anarudiarudia tu. Maneno ya "Inta Umri", wimbo wa 1964, unaweza kuyasoma kwa dakika chache, na jukwaani ulichukua saa nzima au zaidi. Kurudia anarudia, kweli. Lakini sikiliza rekodi za ukumbini. Mstari anaupitisha mara ya kwanza kama ulivyotungwa. Watu wakipiga ukelele wa kutaka tena, anaurudia, safari hii akilitua neno mahali pengine, akihamia maqam nyingine, yaani mpangilio mwingine wa sauti, akiivuta irabu moja huku wapiga fidla wakimngoja. Mara ngapi? Walioamua ni watu waliokaa mbele yake, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, huku redio ya Misri ikirusha tamasha moja kwa moja. Ndiyo maana wimbo ule ule una rekodi za urefu tofauti. Mpenzi wa taarab, aliyezoea kuona ubeti ukirudiwa watu wakinyanyuka kwenda kutunza, asingepaswa hata kuambiwa haya.

Wengine husema yeye alikuwa sauti tu, akili ilikuwa ya watunzi. Ahmad Rami, al-Qasabgi, al-Sunbati na Abdel Wahab walikuwa mabingwa, hilo halina ubishi. Ila itazame "Al-Atlal" ya 1966. Mshairi wake, Ibrahim Nagi, alikuwa amefariki tangu 1953, na beti zinazoimbwa zilichaguliwa na kupangwa upya, nyingine zikitolewa katika shairi lake jingine. Umm Kulthum alikuwa na desturi hiyo ya kuyachambua mashairi kabla ya kuyaimba. Na ule ufasaha wa kila herufi hakupewa na mtunzi yeyote. Aliutoa kijijini Tamay al-Zahayra, alikosoma Kurani chuoni na kuimba kasida pamoja na baba yake, imamu wa msikiti, aliyemvisha nguo za kiume ili aweze kusimama mbele ya watu.

Kuna wanaomwita kipaza sauti cha Rais Nasser. Aliiimbia jamhuri, sioni haja ya kulificha. Lakini nishani ya Mfalme Farouk aliipata 1944, miaka minane kabla ya mapinduzi. Umaarufu wake haukungoja serikali mpya. Na baada ya Misri kushindwa vitani 1967, alitoka akaimba Paris, Tunis, Khartoum na Kuwait, mapato akiyapeleka kwenye hazina ya nchi yake. Alikuwa mtu mzima mwenye maradhi, na mali alikuwa nayo tayari.

La mwisho linatuhusu sisi: eti taarab ya Unguja ni nakala yake. Sultani Barghash, anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika kasri lake, alifariki 1888, Umm Kulthum hajazaliwa. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliundwa 1905. Siti binti Saad alirekodi kwa Kiswahili huko Bombay 1928, Umm Kulthum mwenyewe akiwa bado anajijengea jina Cairo. Athari yake ilikuja baadaye, kwa santuri, sinema na redio, ikawakuta watribu wa Unguja wana vikundi vyao, mashairi yao na wasikilizaji wao.