Usitupe Tembe Zako Madhabahuni



Leo nazungumza na wewe uliye na kipakiti cha tembe ndogo kwenye mkoba, uliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Najua mko. Wengine mmenieleza kwa sauti ya chini pale nje ya kanisa, kana kwamba mnaungama dhambi.

Kwanza acha nami niungame. Miaka michache iliyopita dada mmoja alisimama mbele yetu hapa Riruta, akasema tangu aombewe ameacha tembe, leo ni siku ya kumi na nne, na hajawahi kujisikia vizuri hivyo. Kanisa lililipuka kwa shangwe. Maikrofoni nilikuwa nayo mimi, na nilipiga haleluya kuliko wote. Miezi iliyofuata tukaanza kumwona anasinzia ibadani, amenenepa uso, amevaa sweta mbili wakati wa jua. Nikamwambia mama mchungaji kwamba huyo dada amepoa kiroho. Siku moja mume wake alinipigia simu saa kumi za usiku. Mwili ulikuwa baridi, maneno yanatoka polepole, na alikuwa amemwita mtoto wake kwa jina la marehemu dadake. Tulimkimbiza hospitali kwa teksi. Daktari akauliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwambia. Lakini hakuna aliyemwambia asiache pia, na mwenye maikrofoni nilikuwa mimi.

Alipata nafuu, Mungu ni mwema. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema niandike ila jina lake nisitaje.

Daktari yule alinieleza jambo ambalo halijaniacha. Tezi hii hutengeneza homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, tumbo, joto, akili, hata hedhi. Tezi ikilegea, kila kitu kinalegea. Tembe unayomeza, inayoitwa levothairoksini, ni homoni hiyohiyo iliyotengenezwa kiwandani. Nayo haitoki mwilini haraka. Baada ya wiki moja hivi bado nusu yake imo kwenye damu. Baada ya wiki mbili imebaki robo. Kwa hiyo ukiacha Jumatatu hutaanguka Jumatano. Utajisikia sawa, hata Jumapili ijayo utacheza na kwaya. Ule ushuhuda wa siku kumi na nne ulikuwa unabebwa na tembe zilezile alizokuwa ameziacha!

Sasa mtu ataniandikia hapa chini, "Mchungaji, imani yako imepungua." Mimi ni Mpentekoste. Ninaweka mikono juu ya wagonjwa na nitaendelea. Lakini soma Luka 17 tena, uangalie wale wakoma kumi. Yesu aliwatuma kwa makuhani. Kwa nini kwa makuhani? Kwa sababu torati, katika Walawi 14, iliwapa makuhani kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba mtu amepona. Bwana mwenyewe aliwapeleka kwa wakaguzi. Basi na wewe ukiamini umeponywa, amina, nenda ukakaguliwe. Kuna kipimo cha damu kinaitwa TSH. Ni sauti ya ubongo ikiiamsha tezi: tezi ikiwa dhaifu, sauti hupanda.

Lakini sikiliza vizuri. Ukipimwa ukiwa bado unameza na kipimo kikawa kizuri, maana yake dozi yako imefaa. Hiyo si ruhusa ya kuacha. Kama tezi iliondolewa kwa upasuaji, tembe hizo ni chakula chako cha maisha. Wapo wengine, kwa mfano baadhi ya akina mama tezi zao zilizosumbua baada ya kujifungua, ambao tezi hurudi kazini. Hao daktari huwapunguzia dozi, kisha anawapima tena baada ya wiki sita hadi nane. Ni kazi ya daktari. Si ya mtume wala nabii, na si ya mama wa chama.

Sasa kumeza kwenyewe, maana wengi wenu hamkuacha dawa ila mnaimeza na chai. Sisi watu wa Nairobi chai ya maziwa ndiyo alfajiri yetu, na mandazi. Tembe hii haipatani na hiyo. Imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo uweke sufuria mezani. Mama mmoja anayeuza mboga Kawangware huimeza anapoamka kwenda kuchukua bidhaa, na akirudi muda umeshapita. Kama asubuhi yako ni mbio, muulize daktari kama unaweza kuimeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Jambo kubwa ni kutobadilisha leo hivi kesho vile.

Tembe za kuongeza damu, za kalsiamu, na dawa nyingi za kiungulia huishika levothairoksini tumboni isiingie mwilini. Zipishe kwa saa nne. Mama mjamzito, hili ni lako hasa, kwa sababu kliniki utapewa tembe za madini ya chuma. Meza zote mbili, lakini zisikutane. Na ukigundua tu una mimba, mwone daktari mapema, maana mara nyingi dozi huhitaji kupanda. Miezi ya kwanza ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama yake. Usiache dawa ukidhani unamlinda mtoto.

Ukisahau asubuhi, meza siku hiyohiyo ukikumbuka. Kesho yake usimeze mbili kufidia. Soma namba kwenye pakiti kila unaponunua, kwa sababu kuna za mikrogramu 25, 50 na 100, na aliyezoea 50 akipewa 100 moyo utaanza kupiga kama ngoma ya kesha. Mkono ukitetemeka, usingizi ukipotea, moyo ukienda mbio, rudi kwa daktari. Na nyinyi mnaoazima tembe za jirani ili mpunguze mwili kabla ya harusi, acheni. Zinaharibu moyo na mifupa. Wale wa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambieni daktari kabla ya kupimwa, maana biotini hupotosha majibu. Nyumba zetu za mabati mchana huwa oveni, kwa hiyo weka pakiti mahali penye kivuli, mbali na jiko na dirisha.

Tukifika kwenye kufunga: tembe moja na maji kidogo si karamu. Mungu hatakuhesabia. Ukitaka mfungo mkavu na unatumia dawa yoyote, njoo tuzungumze kwanza, na pengine nitakukataza.

Wengine mnakumbuka 2011, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile pale Samunge, kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari kutoka hadi huku kwetu Kenya yakipanga foleni ya kilomita nyingi. Walisema kinaponya hadi kisukari, ambacho nacho ni ugonjwa wa homoni. Nilikuwa kijana katika huduma, na niliwaona watu wakiuza kuku wapate nauli. Waliokunywa wakaendelea na dawa zao walirudi wakaishi kama kawaida. Ninaowalilia ni wale walioona kikombe kimetosha. Na baada ya Shakahola 2023 sisi wachungaji tunaangaliwa kwa jicho kali, na sioni kwa nini tulalamike.

Najua pia kwamba wengine hamkuacha kwa imani, mliacha kwa sababu ya pesa. Mnakata tembe zifike mwisho wa mwezi, au mnaruka siku. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tunachangia spika mpya na mtu wa safu ya tatu hana dawa. Nimezungumza na wazee, na sadaka ya Jumapili ya pili ya mwezi sasa ni ya dawa. Hutaitwa mbele. Leta karatasi ya daktari kwa mama mchungaji, yeye atajua afanye nini bila mtu mwingine kusikia.

Na kuanzia wiki hii, ushuhuda wa uponyaji kwetu utakuja na karatasi ya maabara. Kama huna bado, tutakuombea, tutashukuru pamoja nawe, na utaenda nyumbani na kipakiti chako. Yule dada ndiye atakayekupokea mlangoni. Saa yake ya mkononi imewekwa kengele ya saa kumi na moja na nusu asubuhi, na huwa anaionyesha watu akicheka.

Jumatano maombi ya mchana yapo kama kawaida. Nitakuwa ofisini kuanzia saa nane.

Mchungaji wako, Riruta.